MBAO MBICHI NI MTAJI ULIOLALA: Namna ya kununua na kukausha mbao pana kabla hujaanza kuuza meza mtandaoni



Somo la leo ni la wale mnaotaka kuanza kutengeneza na kuuza vitu vya mbao mtandaoni: vibao vya kukatia nyama na mboga, trei, shelfu, na zile meza za sebuleni zinazoachwa na ukingo wa asili wa mti. Biashara hii inavutia. Picha zake zinapendwa, kila kipande kina sura yake, na unaweza kuanza na vifaa vichache.

Mimi nauza vibao na meza ndogo za mwembe, na kila wiki napokea maswali. Mengi ni kuhusu msasa, vanishi na bei. Swali la ukavu wa mbao huwa linakuja mwisho kabisa, tena likiwa na picha ya ufa.

Kuna dada mmoja wa Dar aliniandikia. Aliuza meza ya mwembe, akaituma Dodoma kwa basi. Ikafika salama, mteja akaiweka kwenye status yake na kumsifia. Miezi mitatu baadaye mteja yuleyule akatuma picha nyingine: ufa umekata katikati ya meza, unapitisha kidole. Yule dada akarudisha hela yote na nauli ya mzigo juu yake. Alichoniuliza ni gundi gani nzuri ya kuziba. Jibu langu likawa kwamba gundi haiwezi kumsaidia, maana ubao ule uliuzwa kabla haujamaliza kukauka. Na ukiuza mtandaoni, ufa mmoja unaonekana na watu wengi kuliko meza kumi nzima.

Twende hatua kwa hatua.

1. UKINUNUA MBAO MBICHI, UNANUNUA NA MAJI

Tuseme umepata ubao wa mwembe uliopasuliwa wiki hii: urefu sentimita 180, upana 50, unene 5. Ukiupima una kilo 42. Ubao huohuo ukikauka vizuri unabaki na kilo 27 hivi. Kilo 15 zilizoondoka ni maji, yaani lita 15, robo tatu ya dumu la lita 20. Hayo maji umeyalipia, umeyasafirisha, na sasa lazima uyatoe taratibu.

Unyevu wa mbao hupimwa kwa asilimia ya uzito wa mbao ukiwa umekauka kabisa. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na asilimia 60, 80 au hata zaidi ya 100, kutegemea aina ya mti.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kutoka huko juu mpaka kufikia karibu asilimia 30, ubao unapungua uzito lakini haupungui ukubwa. Maji yanayotoka ni yale yaliyojaa kwenye vijitundu vya ndani. Ukishuka chini ya 30, yanaanza kutoka yale yaliyoshikwa na kuta za nyuzi zenyewe, na hapo ndo ubao unaanza kusinyaa. Ndiyo maana ubao unaweza kukaa wiki kadhaa ukiwa mzuri kabisa, ukadhani umesalimika, halafu ndo uanze kujikunja na kupasuka.

Kusinyaa kwenyewe hakuko sawa kila upande. Urefu haupungui kiasi cha kukusumbua. Upana ndio unaopungua, na ukifuata duara za mti unapungua karibu mara mbili ya ukitoka moyoni kwenda kwenye gamba. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya ubao ujikunje kama kigae.

2. "IMEKAUKA" MAANA YAKE NINI?

Muuzaji akikuambia "hii imekauka", muulize: imekauka kwa hewa ya wapi?

Mbao haikauki ikafika sifuri. Inatulia pale inapolingana na hewa iliyoizunguka. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 75 na joto la nyuzi 30, mbao itatulia karibu asilimia 14. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 50, mbao itashuka mpaka karibu 9.

Sasa tafsiri hiyo kibiashara. Ubao uliokaukia Dar, Tanga au Zanzibar umelingana na hewa ya pwani. Ukiupeleka Dodoma au Singida wakati wa kiangazi, au ukiuingiza kwenye ofisi inayowasha kiyoyozi kutwa nzima, utaendelea kukauka. Meza ya mwembe yenye upana wa sentimita 60 ikitoka asilimia 14 kwenda 9 inaweza kupungua karibu nusu sentimita. Kama umeifunga kwa skrubu kwenye fremu ya chuma pasipo nafasi ya kucheza, hiyo nusu sentimita itatafuta pa kutokea, nayo itatokea katikati ya meza.

Kwa hiyo kabla ya kuanza kukausha, jua wateja wako wapo wapi.

3. UNAPOKWENDA KUNUNUA

*Aina ya mti.* Mninga, mvule na mkongo zinasifika kwa kutulia, hazichezi sana zikikauka. Lakini bei yake ni kubwa, na anayeanza hatakiwi kujifunzia kwenye mbao za gharama. Mtiki nao unatulia vizuri, na upo wa kupandwa kutoka mashamba kama Longuza na Mtibwa. Paini ya Mafinga ni rahisi kupata na inakauka haraka, ila ni laini, kucha tu inaacha alama. Mwembe ndio mimi nawashauri wengi waanze nao: michoro yake ni mizuri, na miembe mikubwa iliyozeeka hukatwa kila mara. Shida yake ni mbili: inaingia ukungu wa kijivu haraka, na wadudu wanaipenda. Pia vumbi lake linawasha baadhi ya watu, kwa hiyo vaa barakoa na mikono mirefu ukipiga msasa.

*Moyo wa mti.* Angalia kichwa cha ubao, pale duara zinapoonekana. Ukiona kile kitone cha katikati kipo ndani ya ubao, jua ufa unakuja hapo. Chukua ubao uliopasuliwa pembeni ya moyo, au panga kuukata katikati na kutoa moyo wote, upate vipande viwili vyembamba.

*Unene.* Usinunue unene uleule unaoutaka mwishoni. Ubao utasinyaa, utajikunja kidogo, kisha randa itakula juu na chini. Ukitaka meza ya sentimita 4, nunua ubao wa 5 au zaidi. Na uliopasuliwa kwa chenso ongeza tena, kwa sababu mara nyingi hauna unene sawa kama wa mashine ya dingdong.

*Nyufa za vichwani.* Karibu kila ubao unazo. Pima ufa mrefu kuliko wote kila upande, kisha ondoa urefu huo kwenye hesabu. Ubao wa sentimita 180 wenye ufa wa 15 kila kichwa ni ubao wa sentimita 150, na bei uijadili hivyo.

*Wadudu.* Geuza ubao, ugongegonge chini. Ukidondosha unga laini kama wa sembe kutoka kwenye vitundu vidogo, uache hapohapo. Huo hauwezi kuwa "dili", kwa sababu utabungua na zile mbao ulizozihifadhi nyumbani.

*Tarehe.* Uliza gogo lilikatwa lini na likapasuliwa lini. Ni tarehe mbili tofauti. Gogo linaweza kulala mwaka mzima na bado ndani likawa bichi, maana gamba linazuia maji kutoka. Saa ya kukauka inaanza kuhesabiwa siku ya kupasuliwa.

*Karatasi.* Dai risiti, na kama mzigo unasafiri, uliza hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayotolewa na TFS. Usiseme "ni mbao tatu tu". Mzigo ukikamatwa kwenye kizuizi, unayepoteza ni wewe.

4. NAMNA YA KUKAUSHA NYUMBANI

Hauhitaji tanuri. Unahitaji kivuli, upepo na subira.

Kwanza, ziba vichwa vya ubao siku ileile unayoufikisha. Maji yanatoka kwenye vichwa kwa kasi zaidi ya mara kumi kuliko yanavyotoka kwenye ubapa, kwa sababu nyuzi za mti ni kama mirija. Kichwa kikikauka mbio wakati katikati bado ni bichi, kinapasuka. Paka rangi ya mafuta nzito mara mbili, au nta iliyoyeyushwa, na upite mpaka sentimita chache kwenye ubapa. Kopo dogo la rangi lililobaki linatosha mbao nyingi.

Pili, andaa mahali. Chini ya paa, ukutani palipo wazi, upepo unapita, jua halipigi moja kwa moja na mvua haifiki. Jua kali linakausha ngozi ya ubao huku ndani kukiwa kumelowa, nao unapasuka. Chumba kilichofungwa kina kosa la upande wa pili: hewa haitembei, ukungu unaota.

Tatu, inua rundo lako sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini kwa tofali. Unyevu wa ardhi hautaingia, na mchwa utawaona wakipanda.

Nne, tenganisha mbao kwa fito kavu zenye unene sawa, sentimita 2 hadi 2.5. Weka fito kila baada ya sentimita 40 hivi, na moja karibu kabisa na kila kichwa. Fito za juu zikae sawasawa juu ya zile za chini, mstari mmoja mpaka kwenye tofali. Zikipishana, uzito wa juu utakunja mbao za chini. Na fito zisiwe mbichi, maana zitaacha alama nyeusi ambazo randa haitoi kirahisi.

Tano, weka uzito juu: tofali, mawe, chochote kizito kilichosambaa vizuri. Ubao wa juu kabisa ndio unaojikunja zaidi, kwa hiyo ule mbaya kuliko wote uweke pale.

Sita, kwa mwembe hasa, usicheleweshe. Ukiuacha umelazwa ubao juu ya ubao siku chache tu, utakuta madoa ya ukungu. Panga na fito siku ileile.

Onyo moja kuhusu oili chafu ya gari. Najua mafundi wengi wanaipaka kuzuia mchwa. Lakini ubao utakaogusa chakula usiupake oili chafu hata tone. Haitoki.

5. UTAJUAJE UMEKAUKA?

Kanuni ya zamani ya mafundi inasema mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Ichukue kama tahadhari tu. Joto letu linaweza kufupisha muda kwa mbao nyepesi, na mbao nzito zinaweza kuhitaji muda wote huo. Kinachokata maneno ni kipimo. Zipo njia tatu.

*Mizani.* Chagua ubao mmoja kwenye rundo, andika tarehe na uzito wake kwa chaki palepale. Upime kila baada ya wiki mbili. Mwanzoni utaona kilo zinaondoka haraka, baadaye gramu. Ukipima mara tatu mfululizo na uzito ukabaki uleule wakati hakuna mvua, ubao umelingana na hewa ya kwako. Mizani ya kuning'iniza inatosha kwa kazi hii.

*Kipande cha sampuli.* Kata kipande chembamba, lakini kisiwe cha kichwani. Ingia ndani kama sentimita 30. Kipime mara moja kwa mizani ya jikoni ya gramu. Kisha kiweke kwenye oveni, nyuzi 100 na kitu, ukikipima kila baada ya saa chache mpaka uzito ugome kushuka. Kisiungue. Mfano: kilikuwa gramu 250, kimebaki 160. Maji yalikuwa gramu 90. Gawa 90 kwa 160, zidisha kwa 100: asilimia 56. Ubao huo bado ni mbichi, hata kama juu unaonekana mkavu.

*Kipima unyevu chenye sindano mbili.* Kinasaidia sana, lakini sindano zinasoma karibu na ngozi, na ngozi ndiyo inayokauka kwanza. Kata kichwa, kisha ucheki katikati ya mkato mpya. Nje ikisoma 13 na katikati ikasoma 22, rudisha ubao kwenye rundo.

Kwa mteja wa bara kavu au wa ofisi yenye kiyoyozi, baada ya ubao kutulia nje, uhamishie ndani ya chumba kikavu kwa wiki kadhaa, bado ukiwa kwenye fito, upime tena. Na kama kuna kiwanda karibu chenye tanuri la kukaushia, uliza bei. Tanuri linashusha unyevu zaidi ya hewa ya pwani inavyoweza, na joto lake linaua wadudu walio ndani.

6. PANGA HELA KULINGANA NA MUDA

Hapa ndo wengi wanakwama. Mtu ana laki tano, ananunua mbao nene zote kwa mkupuo, halafu anakaa miezi bila cha kuuza. Njaa ikibisha hodi, anauza mbichi.

Fanya hivi. Gawa mtaji wako sehemu tatu. Sehemu ya kwanza nunua mbao nyembamba, sentimita 2.5 hadi 3, za vibao vya kukatia na trei. Hizi zinakauka mapema zaidi, kwa sababu unene ukiongezeka mara mbili, muda unaongezeka zaidi ya mara mbili. Sehemu ya pili nunua mbao mbili au tatu za meza, uzilaze. Sehemu ya tatu ibaki mkononi kwa msasa, vanishi na usafiri. Vibao vikianza kuuzika, kila mwezi ongeza ubao mmoja mnene kwenye rundo. Baada ya muda utakuwa na mbao zinazoiva kwa zamu.

Msimu nao uutumie. Ukinunua Juni, masika ikiwa imeisha, una miezi mikavu mbele yako kabla ya vuli. Ukinunua Machi, mvua inakupokea mlangoni.

Na uweke hasara kwenye bei. Hesabu ya mfano: mbao tano, kila moja sh. 70,000 mpaka nyumbani, jumla sh. 350,000. Mmoja ukipasuka usifae kwa meza, zimebaki nne. Gawa 350,000 kwa 4: kila ubao sasa umekugharimu sh. 87,500. Ukipiga bei ya meza kwa kutumia 70,000, unajidanganya. Ule uliopasuka usiutupe. Toa vibao vya kukatia na stendi za simu, hela itakayopatikana ihesabu kama nyongeza.

7. UKIFIKA WAKATI WA KUUZA

Hata ubao mkavu utaendelea kupumua kidogo, utavimba masika na kusinyaa kiangazi. Kwa hiyo ukifunga miguu au fremu, toboa kwenye chuma tundu refu badala ya la duara, ili skrubu iweze kutembea pamoja na upana wa ubao. Paka vanishi au mafuta pande zote, juu na chini. Ukipaka juu tu, upande mmoja utapumua kuliko mwingine na meza itajikunja.

Kwenye tangazo lako, andika ukweli unaopimika. Kitu kama hiki:

"Meza ya mwembe, sm 120 kwa 55. Mbao ilipasuliwa Juni mwaka jana, imekaushwa kivulini, unyevu ulipopimwa katikati ni asilimia 12. Usiiweke juani wala mbele ya kiyoyozi."

Piga picha ya juu, ya chini na ya vichwa vyote viwili. Kama kuna ufa mdogo uliotulia, uonyeshe na umwambie mteja. Ufa aliouona kabla ya kulipa ni urembo wa asili. Atakaouona baada ya kulipa ni malalamiko.

Na mteja akikuambia "naitaka wiki ijayo" wakati rundo lako bado linasoma 20, mwambie: "Ndugu yangu, mbao yako haijaiva, nipe muda au chukua kibao hiki kilicho tayari." Wengine wataondoka, na hiyo oda itakuuma. Iache iende. Kurudisha hela ya meza iliyopasuka kutakuuma zaidi, na jina likishapasuka halina gundi.

Kazi ya wiki hii: hata kama huna ubao, tafuta mizani, fito kavu na kopo la rangi kabla ya kwenda kununua. Ukiwa navyo hivyo vitatu nyumbani, ubao wako wa kwanza utaanza kukauka siku ileile utakapoingia getini.

Mtumie somo hili mwenzako anayetaka kuanza.